Taa Juu ya Friji

Yakubu Habumugisha alikuwa fundi cherehani, tena fundi hodari, lakini ukitaka kumwona akitabasamu peke yake ilibidi umkute ameshika kitu chenye waya. Suti za wakubwa wa Kacyiru zilining'inia zikisubiri vifungo huku mwenyewe ameinamia redio mbovu ya jirani, bila malipo, kwa raha zake. Mkewe Mwamini alisema mpaka akachoka. Majirani wa Biryogo, mtaa wao wa Kigali, walimtania kwamba iko siku atamshonea mteja suruali yenye antena.

Vita ilipoanza, Oktoba ya mwaka 1990, utani huo ulikoma wenyewe. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakisaka ibyitso, yaani watu waliodhaniwa kushirikiana na adui aliyeingia kutoka Uganda, na baada ya bunduki kitu walichokitafuta zaidi kilikuwa redio ya kupeleka habari. Hawakuwa mafundi, hao askari. Kwao, chochote chenye waya nyingi na taa kilikuwa redio ya adui mpaka mwenye nacho aonyeshe vinginevyo, na huko kuonyesha hakukufanyikia nyumbani kwake.

Na sebuleni kwa Yakubu, juu ya friji, kulikuwa na kitu chenye waya nyingi na taa.

Hakukiweka kwa mchezo. Binti yao wa pekee, Ikirezi, mtoto wa miaka tisa, alikuwa na kile kisukari kinachowashika watoto, kisichosikia dawa ya mizizi wala kubadili mlo. Aliishi kwa sindano za insulini, asubuhi na jioni. Dawa yenyewe ilipatikana kwa mbinde. Mukantwari, muuguzi aliyekuwa rafiki wa Mwamini, akiipata huwaletea vichupa kadhaa kwa mpigo, maana hakuna aliyejua itaonekana tena lini. Vichupa vikawekwa kwenye friji kuukuu walilolinunua kwa Mzungu mmoja wa Kiyovu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na friji hilo lilikuwa na wazimu wake. Umeme ukikatika, na siku hizo ulikatika ovyo, lilipata joto upesi. Umeme ukirudi, lilinguruma bila kujizima mpaka maji yakaganda kwenye jagi.

Insulini ikipata joto huharibika polepole. Ikiganda, kazi yake imekwisha, na balaa ni kwamba ikishayeyuka si rahisi kuijua kwa macho. Walijifunza hilo mwezi wa Desemba. Mwamini alikuwa akimdunga mtoto kila siku kama alivyofundishwa, na mtoto akawa anakunywa maji bila kukata kiu, anakonda, hata jioni moja akalegea mikononi mwa mama yake, pumzi zikinuka kama matunda yaliyochacha. Mukantwari ndiye aliyehangaika naye mpaka akafumbua macho. Kisha akawaambia wazazi, bila kupaka sukari, kwamba dawa yao iliganda kwenye friji na walichokuwa wakimdunga mtoto ni sawa na maji.

Hapo Yakubu akaapa kwamba friji hilo halitamdanganya tena.

Mchoro aliutoa kwenye jarida la Kifaransa la watu wa ugonjwa wa waya kama wake, wale wanaochomelea vitu jikoni huku wake zao wakinuna. Chombo kilikuwa na aisii nne. Aisii ni kidude cheusi chenye miguu, na hizi alizozitumia zilikuwa na kazi moja tu: kupokea tofauti ndogo mno ya umeme na kuikuza mpaka ionekane. Ndani ya friji, kando ya vichupa, alipitisha waya wenye kidubwasha cha ukubwa wa punje ya maharage kinachobadilika kwa joto na baridi. Aisii tatu zilikuza mabadiliko hayo na kuyapeleka kwenye mshale. Ya nne iliulinda mshale na kupiga kengele ukivuka mpaka. Kulikuwa na vifungo vya kuzungusha, vya kusahihisha hiki na kile. Kulikuwa na betri za tochi, ili kisizimike umeme ukikatika. Na kulikuwa na taa ndogo nyekundu, ya kuonyesha kwamba betri bado ni nzima. Kilisoma baridi kwa nusu digrii, na Yakubu alikipenda kuliko suti yoyote aliyowahi kuikata.

Ikirezi naye alikipenda, kwa namna yake. Kila friji lilipofunguliwa kutoa dawa, aliichukua ile punje na kuifumbata kiganjani ili auone mshale ukikimbia.

"Inanisalimia," alisema.

"Usichezee, mwanangu," Yakubu alimkemea kila mara. "Unaingiza joto."

Basi mchana mmoja wa Februari akaingia Niyonzima, kiongozi wa mtaa wao. Hakukubali kuketi. Alisimama mlangoni akijifuta shingo kwa leso, na Yakubu akaona kwamba mwenzake anaogopa kuliko yeye.

"Baba Ikirezi, mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini ile taa yako nyekundu, jioni inaonekana mpaka kwangu. Watu wananiuliza, Niyonzima, kwa yule fundi iko nini inawaka? Sasa mimi nijibu nini? Na bale basoda na bunduki zao, leo wako pale chini ya musikiti. Wanapanda."

Akaondoka kabla hajajibiwa. Mwamini alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, akaja na mikono yenye unga.

"Tupa hiyo mashini."

"Nikiitupa, dawa ikiganda tutajuaje?"

Mwamini akaufuta unga mikononi. Desemba ilikuwa bado imo machoni mwake, hakuhitaji kukumbushwa. "Basi punguza," akasema. "Punguza mpaka hata mujinga akiiangalia aone ni kitu ya friji, haiko redio."

Ni rahisi kusema. Yakubu akakishusha chombo mezani, akakifungua, akakaa akikitazama, na kila kitu mle ndani kilikuwa na sababu yake. Kipi kitoke? Akaanza kumweleza mkewe kwamba aisii hizi mbili za mwanzo ni za usahihi, na kifungo hiki kikitoka mshale utahama kidogo, labda digrii nzima.

"Baba Ikirezi," Mwamini alimkatiza, "mimi digrii sizijui na sizitaki. Asubuhi nikishika sindano, nataka kujua kitu moja tu. Nimudunge mutoto, ao nisimudunge."

Yakubu akaiweka bisibisi mezani. Miezi yote hiyo alikuwa akijenga chombo cha kumjibu yeye mwenyewe, wala hakuwahi kumuuliza mtumiaji anauliza nini.

Akaanza kung'oa. Kengele ikatoka, pamoja na aisii yake. Aisii mbili za usahihi zikafuata. Zilifaa kwa waya mrefu, na waya wake haukuzidi mkono. Vifungo akavitoa vyote, badala yake akachomelea rezista za kudumu, vidude vya kubana umeme, akipima kwa barafu na kipimajoto cha maabara alichokopeshwa na Mukantwari. Mshale wa namba akauweka kando, akachukua mwingine aliokuwa ameutunza siku nyingi, uliotoka kwenye maabara ya shule: mshale unaotulia katikati na kwenda pande zote mbili. Aliupanga hivi: dawa ikiwa salama, unakaa katikati; baridi ikizidi, unakwenda kushoto; joto likizidi, kulia. Mahali pa namba akabandika vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye gauni la mteja, buluu kushoto, kijani katikati, nyekundu kulia. Kilichobaki kilienea kwenye kibao cha ukubwa wa mche wa sabuni. Aisii moja. Rezista za kuhesabika. Betri. Mshale.

Aliona aibu kidogo kwa jinsi kilivyokuwa kizuri.

Ikabaki taa. Hapo mkono wake ukasita, maana taa ilikuwa na kazi yake na yeye aliijua. Lakini taa ndiyo iliyoonekana mpaka kwa Niyonzima. Nje lori likaunguruma likipanda mlima, likapunguza mwendo, likasimama mahali fulani chini ya barabara. Yakubu akakata waya wa taa kwa mkasi wa kitambaa, kitu ambacho fundi cherehani hakifanyi hata kwa kulazimishwa, akaitupa chooni. Alijiambia kwamba baadaye atamweleza Mwamini habari ya betri. Kisha akawa anasikiliza lile lori, na baadaye hiyo ikapotea kichwani.

Walikuja kesho yake, saa za alasiri, askari watatu na Niyonzima nyuma yao akitazama viatu vyake. Sajini alikijua Kiswahili cha kambini na alikipenda. Aligeuza magodoro, akatia mkono kwenye mfuko wa pamba, akafika kwenye friji.

"Hii ni nini?"

"Ni ya dawa ya mutoto, shefu," alisema Mwamini. "Mushale ikiwa hapa kwa kijani, dawa iko muzima. Ikienda huku, imeganda. Ikienda huku, imepata moto."

Sajini alikiinua kibao, akakigeuza, akatafuta la kutilia shaka asione. Akafungua friji, akaviona vichupa. Mshale ukasogea kidogo kulia. Akacheka.

"Ni ya kupima baridi kweli," aliwaambia wenzake. Sajini akakirudisha kibao juu ya friji, vizuri tu. Halafu akageuka. "Na taa? Nimeambiwa iko taa nyekundu."

"Niliitoa, shefu."

"Lini?"

Yakubu angeweza kudanganya. Alikuwa mbovu wa kudanganya tangu utotoni, na kwa hofu ile alikuwa mbovu zaidi. "Jana."

"Sababu gani?"

"Niliogopa."

Sajini alimtazama kwa makini, safari hii bila kicheko. "Mutu hana kitu, anaogopa nini? Taa nayo inauma?" Niyonzima hakuinua macho. "Wewe twende utueleze hiyo taa ilikuwa inaambia nani."

Kwa hiyo chombo kilifaulu mtihani, mwenye chombo akafeli. Walimpandisha lorini na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Waliwekwa kwenye ghala lisilo na dirisha, watu wengi wa kila namna, na hakuna aliyeulizwa chochote cha maana. Yakubu aliulizwa habari ya taa mara mbili. Mara zote mbili alipigwa, kisha wakaonekana kumsahau. Siku za mwanzo alikuwa na kitu cha kujifariji. Alijiambia kwamba Mwamini anaweza. Chombo kile cha zamani, na vifungo vyake, angekisomaje peke yake? Hiki cha sasa hata mtoto anakisoma. Kijani, dunga; si kijani, usidunge. Alikaa gizani akijisifu, akaona kwamba woga wake, pamoja na ubaya wake wote, ulimfanya atengeneze kitu kilicho bora.

Kisha mlinzi mmoja akaja kuwahesabu, na tochi yake ikawa inafifia. Akaipiga kwenye paja, ikawaka, ikafifia tena. Akasonya, akatoka nje kutafuta betri nyingine.

Yakubu akaketi wima gizani.

Betri. Zile za kwenye chombo hazikuwa mpya, alizitoa kwenye redio ya jirani zikiwa zimeshachoka. Haziwezi kumaliza mwezi. Zikifa, mshale hautapata umeme wowote wa kuusukuma kushoto wala kulia. Na mshale wa namna ile usiposukumwa hulala wapi? Katikati. Hulala katikati, kwenye kijani. Friji litaganda au litachemka, na mshale utasema dawa nzima, na Mwamini, kwa kuwa mumewe amemrahisishia kazi, atachukua sindano na kumdunga mtoto maji. Kitu pekee kilichoweza kumwonya ni taa ndogo nyekundu aliyoikata kwa mkasi kwa mkono wake mwenyewe.

Alijaribu kuinuka. Akatapika palepale alipokaa, na jirani yake akadhani ni maji ya ghala.

Tangu saa ile hakulala usingizi wa maana. Alihesabu betri, akahesabu upya, akajaribu kukumbuka redio ya jirani ilikuwa ikisikika vipi siku alipozitoa. Alimwona Ikirezi akiomba maji. Akamwona akiomba tena. Alitamani askari wamwite wampige, mradi apate mtu wa kumwambia, lakini angesema nini? Mshukiwa wa redio anaomba apelekewe ujumbe nyumbani kuhusu betri na mshale? Wangeng'oa chombo, na Mwamini wangemleta ghalani akae naye.

Ikawa siku moja wanamwita Cassien, karani wa wizara moja kule Kacyiru, aliyekuwa akilala karibu na Yakubu. Ndugu yake mkubwa alikuwa ameongea na mtu mwenye cheo, basi anaachiwa. Alipokuwa akivaa viatu, Yakubu alimshika mkono.

"Pita kwangu Biryogo. Muulizie Mama Ikirezi, fundi cherehani."

"Nimuambie nini?" Cassien alinong'ona, macho kwa mlinzi. "Usinipe maneno mingi. Wakiniuliza nitasema yote, mimi sina nguvu."

Yakubu akaanza kupunguza, kama alivyopunguza mezani. Betri, hapana. Mshale, hapana, hata mshale una shaka. Waya, usiguse. Alitafuta sentensi ambayo askari yeyote angeiona ya nyumbani, na ambayo mkewe akiitii ataona. Friji likifunguliwa, joto likiingia, mshale mzima lazima usogee. Usiposogea umekufa.

"Mwambie afungue mlango wa friji, asimame aangalie. Basi. Afungue friji, aangalie."

Cassien aliitikia kwa kichwa akaenda. Yakubu alikaa akijiuliza kama amepunguza vya kutosha, au amepunguza kupita kiasi.

Siku zikafuatana. Mwezi aliouhofia ukaisha, na mwingine ukaanza. Hatimaye jina lake likaitwa, wakamsukuma nje kwenye jua, na kama vile hakuna aliyemwambia kwa nini amekamatwa, hakuna aliyemwambia kwa nini anaachiwa. Hakuomba kuambiwa. Alikwenda mbio kwa miguu iliyosahau kazi hiyo, akisimama kupumua, akianza tena, na alipofika Biryogo watu waliomtambua walimwita naye hakusikia. Alikuwa akisikiliza kama kuna kilio kwake.

Mwamini alikuwa uani akianika nguo. Alimwona, akakaa chini palepale juu ya kapu la nguo mbichi. Yakubu alimpita bila salamu.

Chombo kilikuwa juu ya friji. Mshale ulikuwa katikati, kwenye kijani.

Nyumba ilikuwa kimya. Akafungua mlango wa friji, akasimama, akaukodolea macho mshale. Haukutikisika. Akausukuma mlango mpaka mwisho. Alitaka kuita jina la mtoto. Na hapo mshale, taratibu, ukaanza kusogea kuelekea kulia.

Yakubu akaketi sakafuni mbele ya friji lililo wazi, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Mwamini alikuja akakaa karibu naye. "Mawe yalikufa," alisema, akimaanisha betri, kwa maana Kigali betri huitwa mawe. "Tuliweka zile za redio yetu. Habari tunasikilizia kwa jirani."

"Cassien alikuja? Alikwambia ufungue friji?"

"Iko mutu moja alikuja, anatetemeka. Alisema Yakubu anakusalimia. Nikamuuliza, na nini? Akasema ni hiyo tu, anakusalimia. Akakimbia."

"Sasa ulijuaje?"

"Mimi sikujua," alisema Mwamini, na sauti yake ikapungua. "Ningemudunga. Sindano ilikuwa mukononi, Baba Ikirezi, na mushale uko kwa kijani vizuri kabisa. Mutoto ndiye alikataa. Ile mutindo yake ya kushika ile maharage mukononi, si unaijua? Aliishika asubuhi ile, akaniambia mama, leo hainisalimii. Nikamwambia acha mchezo. Akakataa kunipa mukono, akalia, akasema imekufa. Kuangalia vichupa vya nyuma, iko barafu." Akajifuta mikono yenye maji ya nguo. "Mukantwari alitutafutia vingine. Kila asubuhi sasa hatudungi mpaka amesalimiwa."

Yakubu aliutazama waya ulioingia kwenye friji. Aliyaona mambo yote aliyoyatoa kwenye chombo kile, moja moja, yakiwa yamepangwa mezani, na akaona kwamba kilichokamilisha mchoro wake ni jambo alilokuwa akilikemea kila siku.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Ikirezi aliingia na mkoba wa shule mgongoni, amerefuka, mwembamba lakini ana rangi. Alisimama. Alimtazama baba yake chini sakafuni, ndevu na machozi na nguo zilizokauka uchafu. Alitazama friji lililo wazi, kisha mshale, uliokuwa umeshafika kwenye kitambaa chekundu. Alitaka kumkimbilia, lakini kwanza alisema lililokuwa la lazima.

"Baba, usichezee. Unaingiza joto."

Yakubu akafunga friji.